Nipike bia yangu nyumbani, au nibaki na ya kreti?

"Nina miaka 38, nimepanga nyumba ya vyumba viwili Tabata, Dar es Salaam, naishi na mke na mtoto wa miaka minne. Bia naipenda, sifichi. Mwaka juzi nilikaa Ujerumani miezi mitano kwa mafunzo, na mwenyeji wangu alikuwa anapika bia jikoni kwake. Moja ilikuwa nyeusi, inanukia kama kahawa. Sijaisahau mpaka leo na huku siipati. Nimeanza kuweka hela pembeni ninunue vifaa, na najua nitaokoa pia, maana kreti zinanimaliza. Rafiki zangu wananicheka, wanasema nitapofua watu kwa methanoli kama gongo. Mke wangu anasema nyumba itanuka kilabu na mimi nitakunywa zaidi. Lakini bibi yangu Marangu alipika mbege maisha yake yote na hakuna aliyepofuka. Nianze au niache? Na kama ni kuanza, nianzie wapi?"

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye ile bia nyeusi ya jikoni kwa mwenyeji wako. Hiyo ndiyo sababu yako ya kweli, na ni nzuri. Hii ya kuokoa hela nitaivunja sasa hivi. Ya methanoli itachukua nafasi, kwa kuwa rafiki zako wamekosea lakini wamekosea karibu na ukweli. Ya mkeo nimeiacha karibu na mwisho ili usiisahau.

Ujue na anayekujibu. Nimekaa kwenye maabara ya kiwanda cha bia miaka 22, nikipima na kuonja, na kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa mama aliyepika komoni Njombe. Pipa linalong'aa na pipa lililofunikwa gunia, yote mawili nimeyainamia.

Hela kwanza. Mpiko wa kawaida wa nyumbani ni lita 20. Unataka kilo nne na nusu hadi tano za kimea cha shayiri, gramu 30 hadi 60 za hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia uchungu, na pakiti moja ya hamira ya bia, gramu 11. Lita 20 kwa hesabu ni chupa 40 za nusu lita. Kwa mkono utapata 36 au 37, nyingine inabaki na mashapo chini ya ndoo. Shayiri inalimwa hapa hapa nchini, Monduli, Karatu, upande wa West Kilimanjaro. Lakini kimea chake kinakwenda viwandani kwa tani, na hakuna mtu wa kukupimia kilo tano dirishani. Hopsi ndiyo kabisa. Mmea wake unapenda siku ndefu za kiangazi cha mbali na ikweta, saa 15 za mwanga au zaidi, ndipo upande na kuzaa sawasawa. Sisi siku zetu ni saa 12 mwaka mzima. Barani kwetu zao hili linajulikana zaidi huko George, Afrika Kusini, na hata wao ilibidi wazalishe mbegu zinazovumilia siku fupi. Kwa hiyo utaagiza kutoka nje, utalipia mzigo na ushuru, kwa vipakiti vidogo, yaani kwa bei mbaya kuliko zote.

Sasa chukua kalamu. Tuseme sufuria la lita 30, ndoo mbili zenye mfuniko, kipimajoto, haidromita ya kupimia sukari iliyobaki kwenye bia, mpira wa kuhamishia na mashine ya kufunga vizibo vimekula laki sita. Ukipika mara tatu ukachoka, umepata chupa kama 111, na kila chupa imebeba zaidi ya shilingi 5,400 za vifaa peke yake. Hapo hujanunua punje ya kimea, hujaweka gesi, hujanunua barafu. Ukipika mara 20, mzigo huo unashuka mpaka kama shilingi 810 kwa chupa na hesabu inaanza kusemeka. Wanaofika mara 20, kati ya niliowaona mimi, ni wachache sana. Anayetaka bia ya bei nafuu apunguze chupa mbili kwa wiki. Hiyo haihitaji vifaa.

Kuna jambo jingine linalowakatisha watu tamaa mapema, na wewe huliulizi, kwa hiyo nakuambia bila kuulizwa. Bia za kreti ulizozoea karibu zote ni laga. Hamira ya laga inafanya kazi polepole kwenye nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, kisha bia inalazwa wiki kadhaa kwenye baridi inayokaribia sifuri. Tabata mwezi wa Februari, hata saa tisa usiku, kuta zenyewe zina joto. Halafu laga nyepesi ni kama wali mweupe: hakuna nazi, hakuna kitunguu, hakuna pa kuficha kosa. Kiwandani tulikuwa na watu wa zamu usiku na mchana kuilinda isiwe na ladha yoyote isiyoalikwa. Nimeona vijana werevu wakinunua vifaa ili wapate ileile wanayokunywa baa, na mpiko wa kwanza ukatoka na harufu ya siagi iliyokaa, wa pili ukatoka na harufu ya tufaha bichi, vifaa vikauzwa.

Bia nyeusi ni habari nyingine. Ile uliyokunywa Ujerumani yaweza kuwa Schwarzbier, ambayo nayo ni laga, lakini ile kahawa uliyoinusa haitoki kwenye baridi. Inatoka kwenye kimea kilichokaangwa mpaka kikawa cheusi, kama buni. Kimea hicho unaweza kukiweka kwenye bia ya hamira ya juu, ile inayofanya kazi kwenye nyuzi 18 hadi 22, ukapata stauti au pota, ambazo nazo ni bia nyeusi. Haitakuwa pacha wake. Itakuwa ndugu yake, na ladha kali ya kukaangwa inasamehe makosa mengi ya anayeanza.

Nije kwenye methanoli.

Hamira inakula sukari na kutoa vitu viwili kwa uzito unaokaribia kulingana: ethanoli, ambayo ndiyo kileo, na gesi ya kaboni, ambayo ndiyo povu. Methanoli haitokani na kazi hiyo. Inatoka kwenye pektini, ile inayofanya jemu ya matunda igande. Nafaka zina pektini kidogo mno, ndiyo maana bia ya shayiri au ya ulezi ina chembe tu za methanoli. Mbege, kwa kuwa ina ndizi, inaweza kuwa nayo kidogo zaidi, na bado ni kiasi ambacho ini linakimudu, tena ethanoli iliyomo humohumo inachelewesha madhara yake. Bibi yako hakuwa na bahati tu. Kinywaji chake hakikuwa na uwezo huo wa kupofua.

Gongo ni kitu kingine kwa sababu gongo inakenekwa. Unachemsha, unakamata mvuke, na kile kilichokuwa kimesambaa kwenye pipa zima kinakusanyika kwenye chupa moja. Lakini hata hapo, vifo vya makundi tunavyovisikia mara nyingi vinatoka kwa mtu aliyemimina methanoli ya kiwandani ili kinywaji kiwe kikali. Mei 2014 Kenya ilizika makumi ya watu katika kaunti kadhaa kwa siku chache, na kilichokutwa ni methanoli. Ikifika kwenye ini inageuka kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo inashambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Ubaya wake ni kwamba mtu anaweza kulala vizuri akaamka vizuri, na dalili zikaja muda wa saa 12 hadi 24 baadaye: tumbo, kichwa, kupumua haraka, kuona ukungu mweupe. Ukimwona yeyote hivyo baada ya kunywa, ni hospitali muda huohuo, hata kama anasema amepata nafuu. Dawa ipo, ila inafanya kazi ikiwahi. Usimpe maziwa, usimpe "ya kutolea", usisubiri kukuche.

Kwa hiyo ahadi yako kwangu iwe moja: hukeneki. Hata kwa kujaribu, hata kikombe. Ni jinai, ni moto na mvuke unaowaka ndani ya nyumba ya kupanga, na ni mlango ambao hofu ya rafiki zako inakuwa kweli.

Nilisema wamekosea karibu na ukweli. Ukweli wenyewe uko kwenye gunia la nafaka. Januari 2015, kijiji cha Chitima, jimbo la Tete nchini Msumbiji, watu walitoka msibani wakanywa pombe ya kienyeji. Walikufa 75. Kila mtu alisema ni nyongo ya mamba, maneno ambayo na sisi tumekua nayo. Uchunguzi ulipokamilika, mamba hakuwemo. Unga wa mahindi uliopikiwa ulikuwa umelowa na kuharibika, na bakteria aliyeota humo alikuwa ametengeneza sumu iitwayo asidi ya bongkreki. Pombe ilipikwa kama kawaida na mtu aliyekuwa akipika siku zote. Kuchemsha hakukusaidia.

Sumukuvu ni ya ukoo huohuo wa hatari. Mwaka 2004 mahindi yenye ukungu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na hao walikula ugali, hawakunywa. Sumu ya ukungu haiondoki kwa moto wa jikoni wala kwa kuchachuka. Mama alikuwa anakaa na ungo mapajani, jua la saa nne, anasambaza kimea kwa kiganja na kutoa punje moja moja zenye doa la kijani au jeusi. Punje hizo anazitupa motoni, si kwa kuku. Mimi nilidhani ni usafi tu. Miaka baadaye, maabara, nilipoona tunalipa hela nyingi kwa mashine ya kupima jambo hilohilo, nilimpigia simu.

Na chombo. Pombe ina asidi, na asidi inalamba chuma. Pipa la mabati, ndoo ya zinki, dumu lililowahi kubeba dawa ya shamba au mafuta ya gari: hapana, hata ulioshe kwa wiki. Sufuria la alumini linafaa kwa kuchemshia. Kwa kuchachushia tumia ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, na isiwe na michubuko ndani, maana vijidudu vinajificha kwenye mikwaruzo.

Sasa nikuonyeshe kazi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo mtu anajijua kama ni wake au si wake.

Umewahi kuona togwa ikitengenezwa? Uji mzito unaepuliwa, unaachwa upoe kiasi, kisha unamiminiwa unga wa kimea cha ulezi. Ndani ya dakika chache mwiko unalegea mkononi. Uji uliokuwa umeshikana unakuwa mwepesi, na ukilamba umeingia utamu ambao hukuutia. Hicho ndicho kiini cha bia yote duniani. Nafaka inapochipua inatengeneza vimeng'enya vya kukata wanga kuwa sukari, ili mche uchanga ule. Sisi tunaikausha ikiwa hapo, tunaisaga, tunaiweka kwenye maji ya moto ya nyuzi 65 hadi 67 kwa saa nzima, na vimeng'enya vinamaliza kazi yake kwa faida yetu. Maji yakizidi moto vimeng'enya vinakufa, kama togwa ya mtu mwenye haraka inavyokataa kuwa tamu. Bibi yako hakuwa na kipimajoto lakini alijua ni wakati gani wa kumimina.

Baada ya hapo unachuja, machicha unampa mwenye ng'ombe au nguruwe, na yale maji matamu unayachemsha saa moja na hopsi. Hopsi inaleta uchungu na inazuia baadhi ya bakteria. Kwao Wachagga kazi ya uchungu inafanywa na gome la msesewa, lakini wewe usilijaribu kwa kubahatisha: ni mti wa dawa, na kipimo chake kiko mikononi mwa waliolelewa nao. Kisha unapoza. Na hapa, mdogo wangu, Dar es Salaam inakusubiri na rungu.

Maji ya bomba yako yana nyuzi 27 au 28. Sufuria la lita 20 linalotokota linahitaji kushuka mpaka 20, haraka, kabla bakteria hawajaingia. Utanunua barafu ya mabonge, utakaa na beseni, utabadilisha maji mara tatu na jasho linatiririka. Halafu hamira yenyewe ikianza kazi inatoa joto lake, ndani ya ndoo panapanda nyuzi tatu mpaka tano juu ya chumba. Hamira ya kawaida kwenye nyuzi 32 inatoa vileo vizito vyenye harufu ya rangi ya ukutani, na ndizi ambayo hukuiweka. Wengi wanaishia kununua friji la pili na kifaa cha kudhibiti joto, umeme ukikatika wanazunguka ndoo na mataulo mabichi.

Ipo njia ambayo mimi ningekupa wewe wa pwani. Magharibi mwa Norway, Voss na vijiji vya karibu, wakulima walikuwa wakipika bia zao za sherehe na kurithishana hamira kutoka mpiko hadi mpiko, wakiikausha kwenye pete za mbao mpaka sherehe nyingine. Wanaiita kveik. Kwa kuwa walizoea kuimimina ikiwa bado ya moto, hamira hiyo inafanya kazi safi kwenye nyuzi 30 hadi 40, tena kwa siku chache. Inachekesha kidogo, hamira ya nchi ya theluji ndiyo inayoipenda Tabata. Siku hizi inauzwa ikiwa imekaushwa kwenye pakiti. Ina harufu kidogo ya chungwa. Ndani ya bia nyeusi huisikii sana.

Kuosha nimekuruka, na kuosha ndiyo kazi. Ukipika siku moja ya saa sita, saa tatu na nusu ni sponji. Kila kitu kitakachogusa bia baada ya moto kinaoshwa, kinasuuzwa, kinatiwa dawa ya kuua vijidudu. Ukiuliza kwa nini mpenzi wa bia anaacha, mara nyingi jibu ni hilo sinki.

Hatari ya kweli ya mwilini, kwa mwenye mtoto wa miaka minne, ni sufuria la moto na chupa. Povu la chupani linatokana na sukari kidogo unayoongeza siku ya kufunga, gramu sita hadi saba kwa lita. Ukifunga kabla bia haijamaliza kuchachuka, au ukaongeza sukari kwa jicho, gesi haina pa kwenda. Mimi mwenyewe, mtu wa maabara, niliwahi kujiamini. Haidromita ilisoma 1.016, nikasema imetosha. Baada ya siku kumi, usiku wa manane, kabati la stoo lilipiga kama bunduki. Chupa tisa zilipasuka moja baada ya nyingine, na asubuhi niliokota vipande vya chupa ndani ya gunia la mchele lililokuwa ukuta wa pili. Mchele wote ulitupwa. Tangu siku hiyo sifungi mpaka kipimo kisome namba ileile siku tatu mfululizo, na chupa zinakaa ndani ya kreti lililofunikwa, mahali penye kufuli.

Haidromita hiyohiyo ndiyo itakayokuambia nguvu ya bia yako. Ikianza 1.048 ikaishia 1.010, una kama asilimia tano. Pima, uandike kwenye chupa. Usinywe kitu usichojua ukali wake halafu ukashika usukani.

Sasa nani anabaki akipika? Uingereza ilifuta leseni ya kupika bia nyumbani mwaka 1963. Marekani, Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuruhusu Oktoba 1978, ikaanza kazi Februari 1979. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na viwanda vya bia visivyofika 100, na ladha zake zilifanana. Watu walipika kwa sababu walichokitaka hakikuuzwa popote. Ken Grossman wa mji wa Chico, California, alianza na duka la vifaa vya kupikia nyumbani, na mwaka 1980 kiwanda chake cha Sierra Nevada kikaanza kupika. Leo viwanda huko ni maelfu, bia chungu na bia nyeusi ziko kila kona, na wengi waliokuwa wakipika wameuza sufuria. Sababu yao imekwisha. Ya kwako bado ipo, maana ile nyeusi huipati.

Lakini sababu ya kuanza haitoshi kukuweka. Wanaobaki ni watu wa jikoni. Yule anayeweza kusimama dakika 40 akikoroga maharage ya nazi bila kushika simu, anayeandika daftari, anayefurahi kuona kipovu kimoja kikitoka kwenye mpira wa ndoo, kikanyamaza, kikatoka kingine. Kama unachokipenda kwenye bia ni meza ya Ijumaa, kelele za mpira na rafiki zako, basi wala huipendi bia peke yake, na ndoo iliyoko chumbani haitakupa Ijumaa. Hakuna aibu ndani yake. Bia ya baa nayo ina kazi yake.

Kuhusu mkeo. Harufu ni hofu ndogo: siku ya kupika nyumba itanukia kama uji wa ulezi kwa saa mbili, ndoo ikifungwa vizuri inanyamaza. Harufu ya kilabu inatokana na pombe iliyomwagika ikachachia sakafuni. La kunywa zaidi, hapo amesema kweli, na sitamtetea mtu wa kwetu. Chupa 37 ndani ya nyumba si sawa na chupa dukani. Zitakuita. Na kileo kinachangia saratani, chako cha mkono hakina msamaha. Kaeni mkubaliane kabla ya kununua chochote: mipiko mingapi kwa mwaka, ngapi zinagawiwa, nani anashika ufunguo. Ningekuwa wewe ufunguo ningempa yeye.

Na ujiulize kwa ukweli ambao hutaniandikia mimi. Zipo siku unazopanga kutokunywa ukashindwa? Mikono inatetemeka asubuhi mpaka upate moja? Kreti "zinakumaliza" kwa maana ya hela tu? Ukiona jibu linakusumbua, acha habari ya ndoo, nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa uombe kuonana na mtu wa afya ya akili, na uende na mkeo. Usikate pombe ghafla peke yako kama mwili umeshaizoea. Kuacha kwa ghafla kunaweza kuleta degedege.

Sheria nayo usiirukie. Kumuuzia jirani hata chupa moja ni habari ya leseni na ushuru. Kwa unayopika kunywa mwenyewe, mfuate afisa biashara wa halmashauri yako umuulize uso kwa uso kabla hujaagiza vifaa, na mwenye nyumba umwambie pia. Wasomaji wangu wa Kenya, sheria yenu ya vileo ya 2010 inamtaka anayetengeneza kileo awe na leseni. Msichukue hadithi ya Tabata mkaipeleka Thika.

Ungeniuliza mezani, ningekuambia anza, lakini usinunue. Ile laki sita iache ilipo. Nenda Marangu kwanza, ukae siku nzima na mama anayepika mbege, umshikie mwiko, umwoshee mapipa, unywe kata yako jioni ukiwa umechoka. Kama kuosha kumekuudhi kuliko kunywa kulivyokufurahisha, umeokoa laki sita. Kama umerudi na maswali kumi, agiza kilo moja na robo ya kimea, humo gramu 100 ziwe za kile kilichokaangwa cheusi, hopsi gramu kumi na tano na pakiti ya kveik. Pika lita tano tu kwenye sufuria la pilau mlilonalo, lita tano ni rahisi kupoza hata kwa barafu ya friji. Utapata chupa tisa.

Na rafiki zako wakizisifu, pokea kwa kiasi. Mgema unajua alifanya nini aliposifiwa. Chupa ya kwanza usiifungulie mezani. Iweke kwenye friji siku mbili, itoe nje, uifungulie juu ya beseni, kizibo kikiwa kimeelekea ukutani, mtoto akiwa ndani.